Mzigo wa Nyumbani

Hakuna aliyeruhusiwa kunyanyua robota la mkonge kabla fulana yake haijapima uchovu wa misuli yake. Zaina aliipenda sheria hiyo. Tangu aanze kuivaa fulana, kiuno hakikumsumbua tena, na pale kiwandani Tanga wanaume wengi hawakumfikia kwa kubeba.

Fulana aliivaa tangu nyumbani, nayo ilipima hata kazi za huko. Kila asubuhi Zaina alimnyanyua mama yake, Bi Mwanshamba, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kwa uchovu huo akapunguziwa mizigo kazini. Hakulalamika. Mama ni mama.

Jumatatu moja msimamizi wake, Shemdoe, alimpokea akitabasamu.

"Hongera, dada Zaina. Kuanzia leo unaongezewa mizigo. Fulana inasema siku hizi unafika hujachoka."

"Nimezidi kupata nguvu, kaka."

"Nguvu ni zile zile," alisema Shemdoe huku akisoma vipimo kwenye kioo cha kompyuta. "Mzigo wa nyumbani ndio unaopungua, kila wiki. Mmepata msaidizi?"

"Hapana," alisema Zaina. "Ni mimi tu."

Aliomba ruhusa akarudi nyumbani. Alimkuta mama kitini, amejifunika khanga mbili juu ya sweta, na joto lote lile.

"Mama, unakula kweli nikiondoka?"

"Nakula, mwanangu. Mbona umerudi?"

Zaina aliinama, akampitishia mikono chini ya magoti na mgongoni, akamnyanyua. Hakuhitaji hata kuvuta pumzi.

"Ona ulivyo na nguvu!" alisema mama kwa fahari.

Zaina alibaki amesimama naye mikononi, akiogopa kumweka chini.