Mfupa wa Paja

Pipa la taka lilikuwa limegoma kufunguka siku ya tatu sasa, na nzi walishajaa kwenye mifuko iliyorundikana barazani kwa Mwanakombo.

"Kuku mmoja aliingia nyumba hii," pipa likarudia, kwa upole uleule wa kukera. "Mfupa wa paja moja haujarudi."

"Nilimpelekea jirani futari!" Mwanakombo akalifokea. "Tangu lini chakula cha jirani kikadaiwa mifupa?"

Alijua tangu lini: tangu halmashauri igawe mapipa haya yanayohesabu na kusema, na kuamua kwamba kila kinachonunuliwa na nyumba, taka zake zirudi kwenye pipa la nyumba hiyohiyo. Asiyejua ni mkono wake, ambao kila Ramadhani ulipakua sahani ya jirani kabla ya sahani ya mumewe.

Jioni jirani yake, Bi Tatu, alibisha hodi na ile sahani, imefunikwa kawa. Mwanakombo akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Miaka tisa sahani haijawahi kurudi tupu baina yao. Leo labda ni vitumbua, au kaimati.

Akafunua. Mfupa wa paja, umeoshwa ukatakata.

"Nisamehe, shoga. Nilimtupia paka, nimeusaka mpaka uvunguni," Bi Tatu alisema bila kumtazama usoni. Wala hakuondoka. "Na zile kokwa za tende nilizokuletea juzi, unazo? Pipa langu nalo limegoma."

"Zilikuwa ngapi?" Mwanakombo akauliza, kisha akatamani ardhi ipasuke immeze.