Masharti ya Kupanda Ndege ya Nairobi

"Shika kioo vizuri, adeer," Nuh alisema, akimwita ami kwa Kisomali. "Kikitetemeka nitakukata."

Maow alikishika kwa mikono miwili. Ndevu zake nyekundu za hina zilianguka kwenye gazeti fungu kwa fungu. Alikuwa mtu wa kujiheshimu, na kila Ijumaa alizipaka hina mwenyewe. Sasa alizitazama zikianguka.

Asubuhi ile shemeji yake, Fowsiya, alikuwa ametuma ujumbe kwa taar, ile redio ambayo wafanyabiashara wa Garissa huitumia kuzungumza na watu wao wa Nairobi. Mulki, mke wa Maow, alikuwa amelazwa huko. Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari alikataa kumpasua mpaka mume aweke sahihi, na alisema mgonjwa asipopasuliwa leo, kesho hataiona.

Basi lingechukua siku nzima, kama majambazi wa njiani wangeliacha lipite. Lakini ndege ndogo iliyoleta dawa ingerudi Nairobi mchana, na rubani alikubali kuchukua abiria wachache. Maow hakuwahi kupanda ndege. Nuh, dalali wa ng'ombe, alikuwa amepanda mara nyingi.

"Watakupima kwenye mizani kama mbuzi," Nuh alisema akimpangusa sabuni shavuni. "Usione aibu. Ukikaa, funga mkanda. Masikio yakiziba, meza mate."

"Na nikitaka kushuka?"

"Shuka, adeer, ukitaka kufika kabla ya wenzako."

Maow hakucheka. Nuh akaweka wembe chini.

"Ndege si kitu. Shida ni ukishuka. Pale unakuwa nchi ya watu. Polisi wanatafuta ndevu za hina, hizo zimekwisha. Kitambulisho kiwe mfuko wa mbele. Wakikuuliza umekipata wapi, usikasirike. Wakikuuliza ulizaliwa wapi, usifikiri. Anayefikiri hulala ndani."

"Sangailu," Maow alisema.

"Haraka zaidi."

"Sangailu!"

"Hivyo hivyo. Na usiongee Kisomali mpaka ufike hospitali."

Ndani ya ndege Maow alikaa nyuma ya rubani, macho kafumba. Ndege ilipoingia mawinguni ilitupwa huku na huku, na mama mmoja akaanza kutapika. Maow hakuogopa kuanguka. Aliogopa kuchelewa. Alimeza mate, akasoma dua, kisha akarudia kimoyomoyo: Sangailu, Sangailu.

Ndege ilitua. Abiria walipita langoni mmoja mmoja. Daktari kijana akapita. Mama aliyetapika akapita. Maow alikuwa wa mwisho.

"Wewe, warya! Njoo hapa."

Polisi walikuwa wawili, na warya ndilo jina walilomwitia kila Msomali. Mmoja alikaa kwenye kiti, mwingine alisimama. Maow alitoa kitambulisho kabla hajaombwa. Aliyekaa alikitazama, akamtazama yeye, akakitazama tena.

"Mwenye ndevu hizi ni nani?"

"Ni mimi, afande. Nimenyoa."

"Umenyoa lini?"

"Leo."

"Leo! Kwa nini leo?"

Nuh hakumfundisha jibu la swali hilo. Maow alijishika kidevu.

"Ulizaliwa wapi?"

"Sangailu!"

"Iko wilaya gani?"

"Garissa."

"Wamekufundisha vizuri," alisema aliyesimama. "Tangu Mogadishu iwake moto, nyote mmezaliwa Garissa. Na huku umefuata nini?"

"Afande, nimekuja Kenya kumwona mke wangu. Yuko hospitali."

Wakatazamana.

"Umekuja Kenya," aliyekaa alisema polepole. "Karibu sana Kenya, mzee."

Maow alitambua kwamba ulimi umemponyoka. Ng'ambo ile ya mto Tana kila mtu husema hivyo anapokwenda Nairobi, lakini kwa hawa angelielezaje? Akapiga magoti kwenye saruji.

"Mke wangu anakufa. Pigeni simu hospitali. Nipelekeni kwa pingu, niweke sahihi, kisha mnifunge."

"Wote wake zao wanakufa."

Akawaambia kazi anayofanya. Aliyesimama alicheka mpaka akakohoa. Aliyekaa hakucheka. Alikitia kitambulisho mfukoni mwake.

Jioni walimpakia kwenye lori pamoja na watu wengine waliokamatwa mjini, waliokuwa wakipelekwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Aliwasihi askari wa lori kwa Kiswahili, akawasihi tena kwa Kiswahili hicho hicho, mpaka mmoja akampiga kitako cha bunduki begani. Aliketi chini. Mwanamke aitwaye Naimo, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alimsogezea chupa ya maji.

"Usilie, adeer," alimwambia kwa Kisomali. "Mara ya kwanza ndiyo ngumu. Kambini kuna watu wetu."

"Mke wangu yuko Nairobi anangoja sahihi yangu."

Naimo alimfunika kichwa kwa ncha ya shuka yake, kama anavyofunikwa mfiwa.

Jua lilikuwa limechomoza lori lilipovuka daraja la Tana na kuingia Garissa. Maow alisimama, akashika vyuma vya ubavuni, akawaita kwa sauti watu barabarani. Wachache waligeuka. Waliona mzee aliyenyolewa, wakageuza nyuso. Malori ya namna ile walikuwa wameyazoea. Dereva hakupunguza mwendo.

Mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya, bendera ya Kenya ilikuwa imepandishwa kichwa chini, kijani juu na nyeusi chini, na askari wa zamu walikuwa wanaipigia saluti. Haikuwa ajabu. Tangu siku ya uhuru, hiyo ilikuwa asubuhi ya kwanza kupandishwa na mtu asiyekuwa Maow.