Mkeka wa Mashavu

Jumatano, tarehe tatu Februari, mke wangu Mashavu alikufa, na nyumba yetu ilikuwa imeshatumia sherehe yake ya mwaka. Sheria inaruhusu moja tu kwa kila nyumba, iwe ya furaha au ya msiba. Yetu tuliimaliza Januari, tulipomtoa mjukuu nje. Mashavu mwenyewe ndiye aliyesema, "Tuitumie tu, baba. Mwaka huu nani atakufa?"

Nikatandika mkeka wa msiba sebuleni. Majirani walipoketi tu, kifaa cha serikali kinachotusikiliza ukutani kikalia, na Kibwana, mjumbe wa mtaa, akaja mbio.

"Mzee Sekiete, kaeni, lakini msilie pamoja. Mkilia pamoja hayo ni matanga."

"Na wakubwa waliopiga ngoma wiki nzima kufungua daraja?"

"Ile ni kazi ya serikali, mzee. Usinitafutie balaa."

Wakaondoka mmoja mmoja. Gari la manispaa likamchukua mke wangu bila dua, kama linavyochukua taka.

Msiba usio na kibali si msiba, na marehemu wake huhesabiwa yu hai. Kila asubuhi Bi Namkunda wa jirani hupita na kuuliza kwa sauti, kifaa kisikie, "Mama hajambo?" Nami hujibu, "Hajambo." Siku niliyojibu vingine walinikatia maji.

Mkeka bado umetandikwa. Kwetu mfiwa haukunji. Huukunja waliokuja kulia naye, ndipo marehemu ajue aende zake. Sherehe ya mwakani binti yangu ameshaiombea harusi yake.

Leo asubuhi nimeupapasa mkeka, una joto upande mmoja. Nani atamwambia Mashavu kwamba amekufa?