Kisanduku Katikati ya Mũmbua

Enzi zile kila nyumba ya Machakos ilijiendesha kwa kompyuta, ikimtambua mtu kwa jina lake kama lilivyochapwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Ndinda alipojifungua binti, mumewe Kioko alimpa jina la mama yake, Mũmbua, kama desturi yao ilivyotaka. Balaa ni kwamba programu ya kuchapa vyeti haikuijua ũ, ile yenye kiwimbi kichwani, ikachapa kisanduku kitupu mahali pake.

"Mtoto wako kazaliwa na dirisha," karani wa vyeti akamtania Ndinda.

"Lizibe basi, kaka. Nyumba haimwoni!"

"Cheti kikishatoka, dada, hata mimi sikigusi."

Basi wakawa wanamlinda kwa zamu. Chumba alichobaki peke yake nyumba ilikihesabu kitupu, na chumba kitupu hufungwa ili kuokoa umeme. Hata chooni Ndinda alikwenda naye mgongoni, na Kioko akacheka: "Mama yangu alipenda kusindikizwa tangu zamani."

Jumamosi Kioko alikuwa kazini. Uji ukafurika jikoni, Ndinda akamwacha mtoto chumbani, akatoka mbio kuuepua. Nyuma yake mlango ukajifunga.

"Fungua! Kuna mtoto humo!"

"Mtoto yupi, mama?" nyumba ikauliza kwa adabu. "Taja jina."

"Mũmbua!"

"Samahani, jina hilo halimo kwenye cheti chochote cha hapa."

Akalitaja tena, polepole, huku akipiga mlango kwa ngumi. Ndani, mtoto akaanza kulia.

"Nasikia mlio kwenye chumba kitupu," nyumba ikasema. "Usijali, mama. Nimeshamwita fundi. Atafika Jumatatu."