Vumbi la Chini ya Kitanda

Siku hizi gari haliingii mtaani kabla vumbi lake halijapimwa. Likizidi kiwango cha madini ya risasi, mtoto wa mwenye gari anachukuliwa siku tisini, akakae bweni la mlimani.

Sijaona ndiye mpimaji wa getini, na mumewe Mbaruku hufumua betri kuukuu za magari, zilizojaa risasi. Wiki nzima roho ilikuwa juu juu. Asubuhi alikomba vumbi chini ya kitanda cha binti yao Tunu, mahali alipopaamini kuwa pasafi kuliko popote, akalifunga kwenye karatasi.

Gari la Mbaruku lilipofika, Sijaona alipiga brashi mazulia ya gari kama kawaida, kisha kwa siri akamimina vumbi la Tunu kwenye mashine badala ya la gari.

Taa nyekundu. Mara tatu ya kiwango.

Alifuta kioo, akarudia. Nyekundu tena. Akaweka vumbi la gari lenyewe. Kijani.

"Si nilikwambia?" Mbaruku alicheka dirishani. "Ovaroli naivua kazini, naifunga kwenye mfuko. Gari halipati hata chembe."

"Na huo mfuko, baba Tunu, ukifika nyumbani unauweka wapi?"

"Nausukuma chini ya kitanda cha mtoto, nyuma ya sanduku, mpaka Jumapili nifue. Nikiuacha sebuleni utanigombeza."

Nyuma magari yalipiga honi. Mashine ilisubiri jibu la gari tu, haina swali la vitanda. Sijaona akabonyeza kitufe cha kijani.

"Tunu anafanya nini saa hizi?" aliuliza.

"Dada wa kazi kanipigia sasa hivi, kasema kalala kitandani kwake."

Geti likainuka.