Cherehani Isiyo na Uzi

Tangu biashara idorore mjini, fundi Chande hukanyaga cherehani yake kutwa bila uzi, maana anaamini fundi anayekaa bure hukimbiwa na wateja. Asubuhi hii mwanamke alisimama barazani, vitenge vya sare ya harusi kwapani. Chande akaongeza mwendo, sindano ikitoboatoboa kitambaa kilekile kikuukuu.

"Shikamoo, fundi. Naona umebanwa."

"Marahaba, mwanangu. Kazi nyingi, tunamshukuru Mungu."

Mwanamke akavitazama vitenge vyake. "Basi nisikusumbue. Harusi yenyewe Jumamosi, ngoja nimtafute asiye na foleni."

Akashuka ngazi. Baraza ya pili, fundi aliyekuwa amekunja mikono akainuka kumpokea. Chande alifungua mdomo amwite, lakini mguu wake ulikuwa bado unakanyaga.