Mkono Ukutani

"Rudia," alisema Bi Kazija. "Na safari hii usitazame zulia. Zulia halikuozeshi."

Saida akaweka kiganja ukutani, akainua kidevu. "Baba zangu, nawaheshimu, lakini moyo wangu..." Sauti ikamkatikia hapo hapo, kama jana na juzi.

"Haumo," shangazi yake akamalizia. "Neno dogo hivyo, mwanangu. Ukishindwa kulitoa, utalala nalo maisha yako yote."

Chumba kilikuwa na joto. Dirisha limezibwa kwa kanga, mwali asionwe na wapita njia, na hewa iliyobaki ilikuwa ya udi na liwa. Tangu walipomwingiza ndani hakuwa amekanyaga uwani ila kwenda msalani, tena kagubikwa. Simu wamemchukulia. Nje majirani wote wa mtaa wa Rasbura walikuwa jikoni, masufuria yanagongana, na kila mara mmoja wao alijaribu kigelegele.

Alikuwa anaozwa kwa Nassibu wa Mchinga, mtoto wa baba yake mkubwa. Wazee wawili, Ramadhani baba wa Nassibu na mdogo wake Abilahi baba wa Saida, walikuwa wamekaa wakaona shamba la mikorosho la marehemu baba yao lisigawanyike, na njia nyepesi ni kuwaoza watoto. Nassibu! Utotoni walikula sinia moja, wakaogeshwa beseni moja. Alikuwa mtu mwema, hana neno na mtu, ila Saida kila akimfikiria kama mume alitaka kucheka, kisha akalia.

Kusema, hakuweza. Huyu alikuwa msichana wa kusifiwa kwa kunyamaza. Darasani alijua jibu akanyamaza. Sokoni alipewa samaki waliolala, akapokea, akasema ahsante. Watu wakasema binti wa Abilahi ana adabu, na sasa adabu hiyo ilimfunga kuliko komeo la mlango. Maana desturi inajulikana: siku ya ndoa baba huja mlangoni na mashahidi, akamuuliza bintiye kama ameridhia. Mwali akinyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa. Hakuna aliyetarajia Saida afungue mdomo.

Ila shangazi. Bi Kazija, dada wa wazee hao wawili, ndiye aliyekabidhiwa maandalizi ya pande zote mbili. Leo yuko Rasbura na liwa yake, kesho yuko Mchinga akisimamia mapishi kwa bwana harusi, na kila akirudi sauti imemkauka. Siku ya kwanza alifunga mlango, akaketi mkekani, akasema kwa hasira ambayo Saida hakuwahi kumwona nayo: "Mimi waliponiuliza nilinyamaza. Wakashangilia. Nikaendelea kunyamaza mpaka mume akafa. Wewe hutanirithi hilo."

Akaanza kumfundisha, taratibu, kama mtoto anayefundishwa kutembea. Kwanza kutaja jina lake kwa sauti ya kusikika hadi uwani. Kisha kukataa vitu vidogo: chai iliyopoa, hina ya miguuni. Siku aliyoirudisha hina, shangazi mtu alimbusu kipaji. Na neno lenyewe likifika, akaambiwa, ashike kitu kigumu: ukuta, nguzo, chochote kisichotetemeka.

"Na Nassibu?" Saida aliuliza alasiri moja. "Yeye ameridhia?"

"Nassibu kashashona kanzu," alisema Bi Kazija, akimpaka liwa mabegani. "Sasa hivi anajifunza kuwa mwanamume. Naye ana kichwa kigumu huyo! Haya, inua kidevu."

Saida akajua yuko peke yake.

Ikafika Ijumaa. Baada ya sala alisikia nyayo za wanaume zikiingia uwani, na vigelegele vikakatika ghafla. Wananyamaza wanisikilize, akawaza. Akamtazama shangazi yake. Bi Kazija alikuwa anakunja kanga ambayo tayari imekunjwa.

Mlango ukafunguliwa. Baba yake aliingia, kofia mkononi, hamtazami usoni. Nyuma yake Mzee Ramadhani, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola ya kanzu.

"Saida, mwanangu," baba akaanza, akakohoa. "Tumekuja..."

Kimya kile cha zamani kilimpanda kooni, laini, kilichozoeleka. Kingemaliza kila kitu vizuri. Wangeshangilia. Saida akaupapasa ukuta, akaupata, akaukandamiza.

"Baba, samahani, nitangulie mimi." Sauti ilikuwa yake, na ilifika uwani. "Baba zangu, nawaheshimu, lakini moyo wangu haumo."

Hakuna aliyefoka. Baba yake aliketi kitandani polepole, akaiweka kofia gotini, akaitazama.

"Nani kakwambia?" akauliza Mzee Ramadhani.

"Kaniambia nini, baba mkubwa?"

"Alivyosema Nassibu. Msikitini, sasa hivi, mbele ya shehe na watu wote. Ndiyo habari tuliyokuja kukupa, tukitafuta pa kuanzia." Mzee alijifuta jasho. "Maneno hayo hayo. Halikupungua hata moja. Tena kashika nguzo."

Saida akautoa mkono ukutani.

"Kanikataa mimi?"

Wazee wote wawili waligeuka. Walikuwa wanamtazama dada yao, ambaye ameshavaa baibui, ameinama, anatafuta kiatu cha pili uvunguni.